Mistari kwenye Bomba la Shangazi

Nyumba ya Pampu, 9 Machi

Mwanangu Bi Maswali,

Marahaba naitanguliza kabisa, maana najua shikamoo yako iko njiani. Mimi mzima, ni goti la kushoto tu lenye kiburi. Jirani yangu mshonaji anakusalimu na anauliza kama lile gauni la mahafali bado linakutosha. Nimemwambia ukiwa na kazi ya kukaa kitini mchana kutwa, gauni halina kosa.

Juzi ulipiga simu. Najua ulipiga kwa sababu ilitetemeka mezani. Nilipoiweka sikioni nikasikia nyuki ndani ya debe. Miaka ishirini na nane kando ya pampu, masikio yameliwa, tusidanganyane. Simu ni ya kuitana. Ukitaka kuniambia kitu, andika.

Sasa keti. Mkuu wa maji alikuja hapa na wageni wanne wenye viatu visivyojua tope. Wanachimba kisima cha tatu, hapahapa uani kwangu, kirefu kuliko viwili vya kwanza. Mwezi wa kumi na moja kinafunguliwa, na wamesema atakayebonyeza kitufe ni mimi. Mimi, niliyeanza kwa kufagia!

Usicheke nikikwambia nimelia. Ulikuwa na miaka miwili, hukumbuki. Wakati ule tulikunywa maji ya mto hivihivi, na baba yako akaanza kuhara Jumatatu. Alhamisi kaka yangu, mwenye mabega kama mlango, nilimbeba peke yangu kama mtoto, na Ijumaa tukamzika. Mwaka uleule kikachimbwa kisima cha kwanza, nikaenda kuomba ufagio. Tarehe saba Juni nilianza kazi, na tangu siku hiyo hakuna mtoto wa mtaa huu aliyezikwa kwa sababu ya maji. Hata mmoja. Kwa hiyo wakisema "Mama Pampu, bonyeza," nitabonyeza kwa mikono miwili.

Halafu nijibu jambo moja. Watu wananiuliza unafanya kazi gani. Nikisema unapima ardhi kutoka angani, wanaangalia juu, wanacheka. Niandikie maneno ya kuwajibu.

Shangazi yako

---

Maabara, ghorofa ya nne, 28 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, ingawa marahaba imeshafika. Gauni linanitosha, mwambie mshonaji, ila nisipumue. Chumba changu kipya kina dirisha linaloangalia ukuta wa jirani, na jirani anapika kitu kilichoungua kila Jumapili. Habari za kitufe nimezisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni, nikapiga kelele, watu wakanipisha. Hongera, Shangazi! Nani mwingine angestahili?

Haya, waambie hivi. Juu kabisa kuna setilaiti inayopita kila baada ya siku kumi na mbili, njia ileile. Imebeba rada. Haihitaji jua wala anga safi, kwa sababu haipigi picha kwa mwanga, inatuma mawimbi. Kila wimbi urefu wake ni kama kidole changu kidogo. Linagonga paa, daraja, mwamba, linarudi. Siku kumi na mbili baadaye linatumwa jingine. Kama paa limeshuka hata milimita chache, mwangwi unasafiri mbali zaidi kidogo na kurudi ukiwa sehemu nyingine ya wimbi. Mimi nalinganisha mwangwi wa juzi na wa leo, miaka tisa ya mwangwi. Ni kama wewe unavyoweka kiganja kwenye bomba na kusema "beringi imechoka", wakati fundi mwenye masikio mazima bado anasema haisikii.

Nyumbani kwetu, pale mto unapojigawa vijito kabla ya kuingia baharini, ardhi yote ni tope lililoletwa na mto kwa maelfu ya miaka. Ardhi ya namna hiyo hutitia, yaani hushuka taratibu. Ndiyo maana niliomba nipewe mji wetu niupime mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo rada haijui: sifuri iko wapi. Lazima uionyeshe mahali pasipotikisika, halafu inapima kila kitu kwa kulinganisha na hapo. Nimechagua paa la nyumba ya pampu. Linang'aa vizuri sana kwenye rada, kwa sababu ya yale mabati. Na kusema kweli, nilipoulizwa ni kitu gani pale mjini hakijawahi kuyumba, sikuwa na jibu jingine.

Matokeo ya kwanza yametoka, na ni mazuri! Mji umetulia. Cha ajabu ni kimoja tu: kilima cha shule kinapanda milimita arobaini na moja kila mwaka, karibu vidole viwili. Bado sijui kwa nini, lakini mwezi ujao nawasilisha kazi yangu mbele ya mkuu wa maabara.

Wako, Bi Maswali

---

Nyumba ya Pampu, 20 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti kwenye foleni ya maji. Watu walisogea karibu! Muuza mkaa aliniomba nirudie pale pa kidole kidogo. Sasa hawacheki tena, wanauliza kama setilaiti inaona nani anaruka foleni. Nimesema inaona kila kitu, na foleni imenyooka tangu siku hiyo.

Mwalimu mkuu wa shule ya kilimani nimempa habari zake. Amesema amesubiri kupandishwa cheo miaka kumi, kumbe kilima kimemhurumia.

Na eti sifuri yako ni paa langu. Mtoto wewe. Nimepanda ngazi na goti langu bovu nikaliosha lile paa kwa sabuni, lisije likakuaibisha.

Habari za huku ni za kawaida. Maji ya bahari yaliingia chumbani kwa mshonaji wiki iliyopita, mchana kweupe, hakuna mvua wala upepo. Cherehani ameiinua juu ya matofali. Ni mara ya tatu mwaka huu, na anasema bahari imekosa adabu. Mwashi naye amekuja kunijengea kidato cha tatu cha ngazi kwenye kisima cha zamani, maana mkono wangu haufiki tena kwenye vali. Nasema nimefupika. Wazee hufupika, si ndivyo?

Kisima cha tatu kimefika mita sitini. Mashine ya kuchimba inatikisa vikombe kabatini.

Shangazi yako, mwenye paa linalong'aa

---

Maabara, 2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na mafua, kisha kazi, kisha mafua tena. Huku baridi imeanza, nimenunua soksi nzito. Jirani wa Jumapili sasa anaunguza na Jumatano. Ofisini wametubadilishia viti, vipya vinazunguka, jambo ambalo halimsaidii mtu yeyote. Msalimie mshonaji, mwalimu mkuu, muuza mkaa na wote walionyooka kwenye foleni.

Kile kidato cha mwashi kina kimo gani? Na vile viwili vya kwanza vilijengwa lini? Ni swali tu.

Litunze goti.

Wako, Bi Maswali

---

Nyumba ya Pampu, 19 Julai

Wewe,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta barua ndani yake. Soksi, viti, mafua. Miezi miwili na nusu nasubiri, halafu unaniletea viti vinavyozunguka!

Nimekulea mimi. Ulipovunja kile kioo cha kabati ulikuja kuniuliza kama nimekunywa chai, nikajua palepale. Sasa unauliza ngazi. Mtu wa angani, anayepima kwa mawimbi, ngazi yangu ya nini? Na lile wasilisho lako mbele ya mkuu wa maabara limeenda wapi, mbona hata neno? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama umefukuzwa kazi, sema, chumba chako kipo. Kama unaumwa, sema.

Habari za ngazi sikupi mpaka unijibu. Tena nikwambie, kuna mambo ya ile ngazi ambayo hata mimi sipendi kuyasema. Kwa hiyo tuko sawasawa.

Kisima kimefika mita mia moja na kumi. Kitufe kimeshaletwa, kimefungwa ndani ya boksi. Ni cha kijani.

Shangazi yako, na nimekasirika

---

Maabara, 8 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara sita. Sijafukuzwa, siumwi. Nilikosea, na kosa langu likanionyesha jambo ambalo sikutaka kuwa mtu wa kukuambia.

Mkuu wa maabara ni mwanamama ambaye hacheki kabla ya saa nne. Niliweka ramani yangu mezani kwake, kilima kikiwa kimepakwa buluu, maana yake kinapanda. Akaivuta karibu. "Sifuri yako uliiweka wapi?" Nikamwonyesha paa. "Kwa nini hapo?" Nikasema nyumba ile naijua, haijawahi kuyumba. Akavua miwani. "Nyani haoni kundule," akasema. "Kilima kile ni mwamba, binti. Mwamba haupandi vidole viwili kwa mwaka. Ukisimama ndani ya shimo linalozidi kwenda chini, utaona kila mtu anapanda."

Nikarudi mezani nikaiweka sifuri kilimani. Ramani yote ikageuka. Mji wetu ni bakuli, Shangazi. Kingoni, karibu na kilima, karibu hakuna kitu. Mtaa wa sokoni, milimita kumi na tano kwa mwaka. Kwa mshonaji, thelathini na tatu. Bahari haijakosa adabu, ni sakafu yake inayoifuata bahari. Na katikati ya bakuli, arobaini na moja, ni paa lako uliloliosha kwa sabuni.

Nilikwenda kulia chooni. Sikulilia kosa. Nililia kwa sababu bakuli haliwi na umbo lile bila sababu, na sababu iko katikati yake. Chini ya mji kuna mchanga wenye maji, na kati ya mchanga kuna matabaka ya udongo wa mfinyanzi. Maji yakivutwa kwa miaka mingi, mfinyanzi unabanana, na kila kilicho juu kinashuka nao. Ni pampu, Shangazi. Ni maji yaleyale yaliyotuokoa. Sikupata namna ya kuliandika hilo kwa mtu aliyenibeba, ndiyo maana ukapata soksi.

Kisima cha tatu kikiwashwa, nakadiria katikati patashuka zaidi ya vidole vitatu kwa mwaka. Tuta la mto halitazuia kitu baada ya miaka saba au minane. Na mfinyanzi ukishabanana haurudi.

Juu ya mto, kabla haujagawanyika, kuna ule mtambo wa zamani wa kuchuja maji ambao haukumaliziwa. Ukimaliziwa unaweza kulisha nusu ya mji, na pampu ya pili ikapumzika. Nimeandika ripoti kwa mkuu wa maji. Amenijibu kwa adabu kwamba kompyuta hukosea.

Najua nikisema maji ya mto, ninachosema kwako ni nini. Yatakuwa yamechujwa na kutiwa dawa, lakini najua.

Nimeambatanisha mchoro. Ni mabati matatu yaliyounganishwa kama pembe ya ndani ya boksi, kila upande mita moja. Mpe fundi wa kuchomelea, kisha yawekwe kwenye sakafu ya saruji uani, mdomo ukielekea mashariki na kuinuka kidogo. Rada italiona kuliko kitu chochote mjini. Nataka nipime katikati bila shaka yoyote, lakini kama hutaki, nitaelewa.

Mtoto wako

---

Nyumba ya Pampu, 30 Septemba

Mwanangu,

Nilikujibu mara mbili, nikachana. Barua ya kwanza ilikuwa na matusi. Ya pili ilikuwa na matusi machache. Hii ndiyo ya tatu.

Wiki moja sikutaka hata kuiangalia pampu. Nilikuwa nafanya kazi huku nimeipa mgongo, kama watu waliogombana nyumba moja. Nikasema, huyu mtoto amekwenda mjini akasoma, sasa anarudi kuniambia maisha yangu yote nilikuwa nachimba kaburi. Halafu nikaenda kwa mshonaji kuchukua blauzi, nikamkuta amekaa juu ya meza, miguu ameikunja, anashona, chini vipande vya uzi vinaelea majini. Ananichekea. "Karibu, vua viatu." Sikuweza kucheka naye. Nilijua kitu, mwanangu. Muda mrefu nilijua kitu, ila sikujua ninajua nini.

Sikiliza sasa habari za ngazi.

Mwaka wangu wa kwanza, tarehe saba Juni, nilifurahi sana kutimiza mwaka kazini. Nikachukua rangi nyeupe iliyobaki, nikapiga mstari kuzunguka bomba la kisima, pale linapotokeza kwenye sakafu ya saruji. Kama keki ya mtu asiye na keki. Mwaka wa pili nikapiga mwingine palepale chini, rangi nyekundu. Ajabu, ule mweupe haukuwa tena sakafuni, ulikuwa umeinuka kidogo. Mwaka wa tatu vivyo hivyo. Nikaona bomba linaota kama jino. Nikaendelea, mwaka mweupe, mwaka mwekundu, brashi ileile ya vidole viwili vyembamba. Sijaruka mwaka.

Mwaka wa tisa alikuja mkaguzi. Akaniuliza nani anachorachora mali ya umma. Nikamweleza bomba linatoka. Akasema bomba likitoka, basi mwendesha pampu ni mzembe, hakazi kitu, na wanaotaka kazi ni wengi. Nilikuwa na mtoto wa miaka kumi na mmoja anayetaka viatu vya shule. Nikashona gunia, nikalivika bomba kama sketi, na sikumwambia mtu tena. Mwashi nilimwambia nimefupika. Wewe pia nilikwambia nimefupika.

Jana nimelivua gunia. Nimechukua rula yako ya shule nikapima kutoka mstari hadi mstari, nimekuandikia yote ishirini na nane kwenye karatasi ya nyuma. Tazama mwenyewe. Miaka kumi na miwili ya mwanzo rangi zimekanyagana, kila mwaka hazikupishana zaidi ya unene wa penseli. Halafu inawashwa pampu ya pili. Kuanzia hapo mistari imeachana, katikati bomba tupu linaonekana, vidole viwili, vidole viwili, vidole viwili. Mtu hahitaji kwenda angani kuliona hilo, alihitaji tu kuvua gunia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekisema hicho maisha yangu yote nikiwasema wengine.

Pembe yako ya mabati ipo. Fundi wa kuchomelea ameitengeneza vizuri, mpaka majirani wanauliza napata stesheni gani.

Lakini maji ya mto, mwanangu. Hapo sijafika. Usinisukume.

Shangazi

---

Maabara, 14 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo, na hii shikamoo nimeiandika nikiwa nimesimama.

Karatasi yako niliipeleka kwa mkuu wa maabara asubuhi, kabla ya saa nne. Aliisoma mstari kwa mstari kwa kalamu. Alipofika mwisho akasimama. Sijawahi kumwona akisimama kwa karatasi ya mtu. "Nani amepima hivi?" Shangazi yangu. "Ana shahada gani?" Nikasema ana brashi. Shangazi, alicheka, na ilikuwa saa tatu na nusu.

Nimeweka miaka yako tisa ya mwisho juu ya miaka tisa ya setilaiti. Tofauti ya kila mwaka haifiki milimita tatu. Chombo kilichojengwa na mamia ya watu, kilichorushwa kwa roketi, na mwanamke mwenye rangi iliyobaki, mmesema jambo moja. Ila wewe umeanza miaka kumi na tisa kabla yake. Hatuna mahali popote kumbukumbu ndefu namna hiyo ya mji wetu. Mkuu anasema ni chache sana alizowahi kuziona.

Na bomba halioti, Shangazi. Limesimama kwenye mchanga mgumu, mita mia moja chini, palepale lilipowekwa. Sisi ndio tunaoshuka, na wewe ulikuwa unatia alama jinsi tunavyoshuka. Hukuwa mzembe hata siku moja. Ningekuwa nimejua habari za yule mkaguzi, ningevaa viatu vilivyochanika.

Mabati yako nayaona. Kila siku ya kumi na mbili, saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri, kwenye picha yote ya mji kuna nukta moja nyeupe kuliko zote, uani kwako. Nimeweka kidole juu yake kwenye kioo. Wenzangu wameniona, sijali.

Mkuu wa maji hatanisikiliza mimi. Nikimwonyesha rangi kwenye kompyuta atasema kompyuta hukosea. Bomba atalisemaje? Lakini ni bomba lako, na kitufe ni chako, na baba yangu alikuwa kaka yako kabla hajawa baba yangu. Sikusukumi. Chochote utakachofanya siku hiyo, nitakuwa upande wako.

Mtoto wako

---

Nyumba ya Pampu, 23 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Goti limekaza, lakini limefanya kazi yake.

Kwanza nikiri jambo. Nilikwenda kule juu, kwenye mtambo wa kuchuja, wiki mbili kabla ya sherehe. Nilikwenda peke yangu ili nikishindwa nishindwe peke yangu. Mafundi wawili wa huko walinionyesha kila kitu, mchanga wa kuchujia, dawa, chupa za kupimia. Tangi moja linafanya kazi tayari, mengine mawili yanangoja vifaa tu, mwaka wa nne sasa. Nikawaomba chupa moja. Ilikaa mezani kwangu siku kumi na tatu, sikuifungua.

Siku yenyewe watu walijaa uani. Mahema, viti, kipaza sauti. Mkuu wa maji alisema maneno mazuri juu yangu, naona, maana watu walipiga makofi, na mshonaji akanifinya niinuke. Kitufe cha kijani kiko pale, na utepe. Nikamwambia mkuu wa maji, "Mwanangu, kabla sijabonyeza, nisaidie kupanda hapa." Nikamshika mkono nikampeleka kwenye kidato cha tatu cha mwashi. Nikavua gunia.

Watu walisogea wote. Nikawaeleza kama ulivyonieleza, nikiwaonyesha kwa kidole. Hapa pampu moja, hapa pampu mbili. Nikawaambia huu mstari ndio mwaka mshonaji alipoanza kuinua cherehani, na huu ndio mwaka tuta lilipoongezwa udongo. Nikatoa karatasi yako ya bakuli. Yule mkuu, simchukii, akaweka kiganja chake kati ya mistari kupima, akaweka tena, akarudia mpaka chini. Uso ulimbadilika. Akasema kitu, sikusikia. Mwalimu mkuu akaniandikia kwenye kiganja: "Anauliza watu watakunywa nini."

Basi nikaitoa ile chupa. Nikasema kwa sauti, sijui kubwa kiasi gani, watu wanasema mpaka barabarani: "Haya ni maji ya mto. Mnajua yalinifanyia nini." Wazee wanajua, waliinamisha vichwa. "Yamechujwa, na nimeona kwa macho yangu yanavyochujwa." Nikafungua kifuniko. Nikanywa. Nilikunywa yote, mwanangu, nikimwona kaka yangu waziwazi, na nikamwambia moyoni, nisamehe, huyu ni mwanao amesema ni salama.

Halafu nikaenda ndani kwenye ubao wa swichi. Kitufe cha kijani nilikiacha na utepe wake. Pampu ya pili nimeizima kwa kile chekundu. Nikaweka kiganja kwenye bomba, na miaka kumi na sita ya mtetemeko ikaisha mkononi mwangu. Nililia pale, sikuona aibu.

Hawakunifukuza. Nilitegemea wanifukuze, nilikuwa nimeshakunja nguo. Mkuu wa maji amekaa na watu wake siku tatu. Kisima cha tatu kimefungwa kwa bamba la chuma. Matangi yale mawili yanamaliziwa, na mpaka yakamilike tutachota kwa zamu. Foleni ni ndefu sasa, na watu wananinung'unikia, wengine matusi kabisa. Bahati nzuri sisikii.

Nimeumwa tumbo siku mbili baada ya ile chupa. Mshonaji amesema ni woga tu. Na kweli ulikuwa woga tu.

Shangazi yako

---

Nyumba ya Pampu, 8 Juni

Mwanangu Bi Maswali,

Marahaba, marahaba. Najua umesafiri kwenda kuwaeleza watu habari zetu huko ng'ambo, na mkuu wako ameniandikia kwa mkono wake akiniita "mpimaji mwenzangu". Barua hiyo nimeibandika ukutani. Mshonaji anakusalimu, ameishusha cherehani kutoka kwenye tofali la juu, bado yapo mawili. Matangi yote matatu ya kule juu yanafanya kazi. Foleni imerudi fupi, na wale wa matusi sasa wananiamkia kwa mbali.

Alfajiri, siku ya setilaiti, huwa natoka nasimama karibu na mabati yako. Najua hainioni, umeshanieleza. Lakini nachana nywele.

Jana ilikuwa tarehe saba. Nilitoa brashi, mwaka huu ni zamu ya nyeupe. Sikulala vizuri usiku wake, nikijua ni miezi saba tu, na wewe umenionya kwamba ardhi haisimami ghafla, inapunguza mwendo kama gari lililobeba mzigo. Nikapiga magoti, mawili yote, hata lile la kiburi. Nikafuta vumbi. Nikapiga mstari polepole kuzunguka bomba, chini kabisa, kama nilivyofanya miaka yote.

Mwanangu, brashi imekanyaga mstari wa mwaka jana. Nyeupe imepanda juu ya nyekundu, na katikati bomba halionekani. Haijatokea tangu ukiwa na miaka kumi na minne.

Nilibaki pale chini na rangi mkononi mpaka ikakauka. Gunia nimelichoma. Njoo uuone.

Shangazi yako